Sijala usiku kucha, sukari ya asubuhi inatoka wapi?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, nina kisukari aina ya pili mwaka wa tatu sasa. Sukari kwenye chai nimeacha kabisa. Jioni nakula ugali wa dona, baada ya hapo ni maji tu. Nikipima kabla ya kulala napata 7.9, nikiamka saa kumi na mbili napata 9.8! Jirani anasema ini langu limechafuka, kuna dawa ya mitishamba ya kuliosha, ila niache vidonge vyangu vya metformini wiki mbili kwanza. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, vidonge usiache. Hilo tulimalize kwanza.

Sukari hiyo inatoka kwenye ini lako kweli, lakini si kwa uchafu. Ini ni ghala. Ukila, linaweka akiba ya glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwa umbo la glaikojeni, gramu 100 hivi kwa mtu mzima. Misuli huweka nyingi zaidi, ila ni michoyo: inaitumia yenyewe, kwa kuwa haina kimeng'enya cha kuirudisha kwenye damu. Kwa hiyo usiku ini ndilo linalobeba mzigo. Ubongo haulali, unahitaji takriban gramu 120 za glukosi kwa siku, na damu yako yote ina gramu 4 au 5 tu kwa wakati mmoja. Alfajiri homoni mbili, kotisoli na ile ya ukuaji, hupanda, ini likaachia zaidi. Kwa asiye na kisukari, homoni ya insulini hulizuia. Lako halimsikii tena mlinzi huyo vizuri. Na metformini kazi yake kubwa ni hapo hapo, kupunguza glukosi inayotoka kwenye ini. Ndiyo unayoambiwa uiache!

Sasa dona. Kila siku ya kliniki nasikia, "Daktari, mimi sukari situmii," na ukiuliza sahani ya jana ilikuwaje, ni mlima. Mmea wa mahindi hutengeneza glukosi kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa, ukaiunganisha minyororo mirefu ya wanga na kuihifadhi kwenye punje iwe chakula cha mche wake. Ukila ugali, mate na kongosho huikata minyororo hiyo, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi ile ile. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, nzuri, lakini si ruhusa ya bonge la pili. Muhogo, mtama na ulezi navyo ni wanga, hata kama aliyekuuzia unga aliuita "unga wa kisukari". Tazama ndizi: mbichi haina utamu, iweke siku chache iive, wanga umegeuka sukari na hakuna aliyetia kijiko.

Pima yakipita masaa mawili baada ya chakula cha jioni, punguza bonge, ongeza mboga, tembea kidogo baada ya kula, maana misuli ikifanya kazi huvuta glukosi. Andika namba zote uzipeleke kliniki. Huenda dozi ikahitaji kurekebishwa.

Mitishamba sina ugomvi nayo. Metformini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Tofauti ni kwamba kidonge chako kimepimwa, kiasi kinajulikana, na figo zako zinafuatiliwa. Chupa ya "kuosha ini" haina hata lebo. Maabara katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta dawa za aina hiyo zimechanganywa kimyakimya na glibenklamidi, dawa ya hospitali inayoweza kuishusha sukari hadi mtu azimie. Mgonjwa anaona namba zinashuka, anamsifu mganga, anaongeza kijiko. Wengine hawachanganyiwi chochote. Wanaacha vidonge, sukari inapanda taratibu bila maumivu, na mimi nakutana nao baadaye wakiwa na kidonda mguuni kisichopona.