Nozo Nne, Maji ya Chumvi na Kinyonga Aliyekufa kwa Kiu

Juzi msomaji mmoja wa Singida kaniandikia: "Mwalimu, nimefunga mfumo wa ukungu kwenye banda la kinyonga wangu, mimea imependeza, lakini wiki ya tatu tu nozo, vile vichwa vidogo vya kutolea ukungu, zimegoma. Ninunue pampu kubwa zaidi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Pampu kubwa mimi nilishainunua.

Kinyonga wangu wa kwanza alikufa mwezi wa nane. (Kibali ninacho, na wewe usianze bila kibali, mnyamapori si kuku.) Mnaijua Dodoma ya Agosti: tangu Mei hakuna tone, upepo unakausha hadi midomo. Nilimwekea bakuli la maji, nikalibadilisha kila asubuhi, nikijiona mfugaji. Hakuligusa. Kinyonga kwa kawaida hajali maji yaliyotulia, hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani. Macho yakazama, ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake ikaanza kutoka rangi ya chungwa, nami nasema amechoka tu. Nilimkuta asubuhi chini ya mani planti, bakuli limejaa hadi ukingoni. Mpaka leo bakuli lile sinywei uji.

Wa pili nikamjengea mfumo. Pampu ya volti 12 nilitoa kwenye bomba la betri la kupulizia dawa, lile wanalotumia wakulima wa zabibu, lakini jipya! Lililowahi kubeba dawa usiliguse hata ulioshe mara mia. Betri, taima, mpira mwembamba, nozo nne. Siku ya kwanza niliita watoto wa mtaa mzima waje kuona mvua ndani ya banda.

Ndoo ya maji niliiweka juu ya kabati, juu ya nozo. Pampu ikizimwa, maji yanaendelea kushuka yenyewe, to, to, to, usiku kucha. Udongo ukanuka, mizizi ikaoza. Weka ndoo chini kuliko nozo, na chini ya udongo tandika kokoto, wavu juu yake, na tundu la kutolea maji. Nilivyong'oa kila kitu na kupanda upya sisimulii, ni uchovu mtupu.

Kisha nozo zikaziba. Nikalaumu pampu, nikanunua kubwa, mpira ukachomoka na kulowesha madaftari ya wanafunzi niliyokuwa nasahihisha. Ndipo nikafungua nozo moja, nikaiweka kiganjani: tundu limejaa ukoko mweupe, ule ule ulioko ndani ya birika la chai. Maji yetu ya visimani yana madini. Sasa nakinga ya mvua kuanzia Desemba, yakiisha nanunua ya kunywa. Ndoo ya lita 20 inanitosha karibu siku sita. Jirani yangu alinisimamia mlangoni: "Mwalimu, huyo mdudu wako anakunywa maji ya dukani na sisi tunapanga foleni bombani?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Ndugu zangu, tatizo letu ni haraka. Mtu anaona video ya banda la kijani, kesho anataka ukungu saa 24. Banda lisilokauka humletea kinyonga ugonjwa wa mapafu. Napuliza dakika tano alfajiri, dakika tano jioni, katikati majani yanakauka kabisa. Kwa kuwa banda ni la wavu na upepo wa huku hauna adabu, pande mbili nimezifunika nailoni. Asiyeweza kuvumilia hayo afuge njiwa.

Kwa hiyo, ndugu wa Singida, pampu acha. Fungua nozo zote, zilaze kwenye siki nyeupe usiku mzima, asubuhi zisuuze na kuzipuliza kwa mdomo. Zangu nne ziko kwenye kikombe jikoni hivi sasa, na mke wangu ameshauliza mara mbili siki yake ya kachumbari iko wapi.