Staili 30, mbona dansi halinogi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwaka wa pili nacheza Lindy Hop, lile dansi la watu wawili la jazi ya swingi. Darasa la wanaoanza nimelirudia mara mbili, staili ninazo kama 30, lakini ukumbini najikuta nacheza zilezile nne. Muziki ukikimbia kidogo tu, tunapoteana na mwenzangu. Niingie darasa la juu? — Aliyekwama

JIBU: Marahaba. Darasa la juu litakupa staili ya 31, nayo utaenda kuilaza na hizo 26 usizozitumia. Subiri kwanza.

Hebu niambie, ukimshika mwenzako, kidole gumba chako kinakaa wapi? Mimi nilicheza miaka mitatu nikijiona naongoza vizuri, mpaka mama mmoja, wimbo ulipokwisha, akaninyoshea mkono wake kimya kimya. Juu ya vifundo vya vidole palikuwa na alama nyekundu ya gumba langu. Kumbe muda wote nilikuwa namvuta kama ndoo ya kisimani! Tangu siku ile vidole vyangu hujikunja kama kulabu, basi, na gumba halibani kitu.

Jaribu hivyo kwenye swingauti, ile staili ya msingi ya Lindy Hop, ya hesabu nane. Hesabu ya 8 inapoisha, kila mmoja aegemee nyuma kidogo, kama anayetaka kuketi, mikono ikiwa imenyooka bila kukakamaa. Ikija 1, mwili wako unaorudi nyuma ndio umwite mwenzako. Ukisikia kiwiko kinafanya kazi, umeshaanza kuvuta.

Kasi nayo haitaki nguvu. Wengi wetu tunapiga hatua ndefu mno. Zile hatua tatu za haraka, 3-na-4, zimalizie papo hapo chini ya kiuno chako, magoti yakiwa yamelegea. Frankie Manning, mchezaji wa Lindy Hop aliyekulia kwenye ukumbi wa dansi wa Savoy, Harlem, New York, miaka ya 1930, aliinama mbele kama mkimbiaji anayesubiri kutimka. Tafuta picha zake za video, zima sauti, tazama miguu tu.

Kisha siku nyingine usicheze kabisa. Kaa, usikilize, uhesabu mapigo nane nane. Bluzi ya baa 12 (baa moja ni mapigo manne) ina mapigo 48, yaani nane sita. Nyimbo nyingi za swingi zina baa 32, na kila baada ya nane nne utasikia wimbo unageuka. Anzia staili yako pale wimbo unapogeuka. Hizo nne zako zitaonekana mpya, na hutakuwa umejifunza kitu cha ziada.

Cheza Shim Sham, ule mfululizo wa hatua usiohitaji mwenza, peke yako, dakika kumi kwa siku. Na kama huwa unaongoza, omba ufuate mwezi mzima. Mimi ndipo nilipojua jinsi mtu anavyochoka kuongozwa na kelele za mikono.

Jirekodi kwa simu pia. Utajichukia siku ya kwanza, ni kawaida. Ukitazama, anza na gumba, halafu niandikie umelikuta wapi.