Mume wangu hashiki la asubuhi

SWALI: Mume wangu ni fundi seremala. Mwaka jana alianguka na bodaboda, akaumia kichwa na kulazwa hajitambui. Sasa anatembea, anakula, ya utotoni anayasimulia yote, ila ukimwambia neno asubuhi, mchana halipo. Kila jioni namuuliza: leo nani alikuja? Tulikula nini? Akikosea anafoka. Ndugu zake wanasema anajifanya. Kuna dawa?
Mama Zawadi, Morogoro

JIBU: Pole sana na kuuguza, Mama Zawadi. Hajifanyi. Sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya ikiumia, ya zamani huweza kubaki salama. Dawa ya kuirudisha kumbukumbu hiyo hakuna. Vidonge vya "kuongeza akili" visikumalizie hela.

Ule mtihani wa jioni uache leo hii. Mgonjwa wa namna yake akibahatisha, kosa ndilo linaloganda, kwani hakumbuki kwamba alisahihishwa. Mwanasaikolojia Barbara Wilson na wenzake walilionyesha hilo Uingereza mwaka 1994. Kwa hiyo anza na jibu: "Leo alikuja mjomba. Nani alikuja?" Aseme. Rudia baada ya dakika moja, kisha tano, kisha nusu saa. Akisita tu, mtajie.

Mnunulie daftari dogo la kukaa mfuko wa shati. Liwe moja, na aandike kwa mkono wake: tarehe, kazi za leo, aliyekuja. Dawa aiwekee alama akishaimeza, si kabla, asije akanywa mara mbili. Tega kengele kwenye simu, hata kitochi kinatosha. Ikilia, afungue daftari. Mwanzoni utamkumbusha wewe, tena kwa wiki nyingi. Usichoke, dada yangu, hapo ndipo wengi wanapoachia.

Na mikono yake usiidharau. Henry Molaison wa Marekani, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953, hakuweza tena kushika tukio jipya, lakini alijifunza kuchora nyota akitazama kiooni, akazidi kuiweza siku hadi siku huku akiamini hajawahi kuichora. Mpe mumeo randa na msasa. Msumeno wa umeme usubiri ruhusa ya daktari, hasa kama amewahi kupata kifafa. Hospitalini ulizia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mgonjwa kuzirudia kazi zake za kila siku.

Shemeji zako nao wakija, wasimwulize "unanikumbuka?" Wajitaje mlangoni: "Ni mimi, mdogo wako, nimetoka Kilosa."