Uvimbe wa ovari kwa binti wa miaka 23: jibu kwa ndugu wa Mafinga

Ndugu uliyeuliza kutoka Mafinga, nimesoma kwamba mdogo wako wa miaka 23 amekutwa na uvimbe wa sentimita 9 kwenye ovari (kiungo cha mayai ya uzazi) ya kushoto, kwamba kipimo cha damu cha CA-125, protini ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani ya ovari, kimepanda kidogo, na kwamba nyumbani mmekwisha kuanza kulia. Nakujibu kwa kuwa ugonjwa huu umenipata mimi na ukampata mama yangu, na sura zake mbili hazikufanana hata kidogo.

Mimi nilikuwa na miaka 26, nikichuma chai Rungwe, tumbo likanikata ghafla upande wa kulia nikatapika palepale shambani. Uvimbe ulikuwa umejisokota na kuikatia ovari damu. Baada ya upasuaji muuguzi alimwonyesha dada yangu beseni: mafuta mazito ya manjano kama samli iliyoganda, nywele zilizoviringana, na jino moja. Dada aliamini nimerogwa, mpaka daktari alipomweleza kwamba hiyo ni demoidi, inayotokana na seli za mayai zenye uwezo wa kuotesha ngozi, nywele na meno, kwamba kwa wasichana ni ya kawaida, na kwamba ni mara chache sana kugeuka saratani.

Mama hakuwa na maumivu makali. Akiwa na miaka 58 alianza kushiba kwa matonge mawili ya ugali, akawa anakwenda haja ndogo kila mara, na khanga yake ikawa haimtoshi kiunoni ilhali mikono na mashavu vinakonda. Alitibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi mitano. Hospitali iliyompasua mara ya kwanza haikupeleka nyama maabara. Tuliambiwa imetoka yote, tukarudi nyumbani tukishukuru Mungu. Tumbo lilipojaa maji tena, upasuaji wa pili ndio uliotupa jibu la patholojia, yaani uchunguzi wa nyama maabara: saratani ya serasi ya daraja la juu, aina ya saratani ya ovari inayokua kwa kasi, ambayo mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi na kutapakaa kwenye utando wa tumbo kabla mgonjwa hajashtuka. Miezi ile iliyopotea inaniuma hadi leo.

Kuhusu CA-125, msiihukumu peke yake, kwa sababu hupanda hata wakati wa hedhi, kwenye endometriosisi (nyama kama ya utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake), maambukizi ya nyonga na kifua kikuu cha tumboni, na inaweza kuwa ya kawaida kwa mwenye saratani changa. Kwa umri wa mdogo wako ulizeni pia vipimo vya damu vya AFP, beta-hCG na LDH vinavyosaidia kutambua saratani za seli za mayai, kwani saratani hizo huwapata zaidi wasichana, lakini nyingi hutibika vizuri sana kwa dawa na ovari ya pili ikabakizwa. Ultrasaundi nayo isomwe kwa makini: je, ndani mna maji matupu, au kuna sehemu ngumu, kuta nene na vinundu, na je, kuna maji tumboni?

Uvimbe wenye mashaka usitobolewe kwa sindano. Utolewe mzima, uwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) upelekwe maabara, chombo kiandikwe jina, nanyi mdai majibu kwa maandishi. Na akipata maumivu ya ghafla pamoja na kutapika kabla ya tarehe aliyopangiwa na daktari, mpelekeni hospitali usiku huohuo.