Idadi ya wanyama haisimami yenyewe kila mara ikifika kikomo
Kuna dhana kwamba wanyama wakifika kikomo cha mazingira (yaani idadi ambayo mazingira yanaweza kuilisha) idadi inatulia hapo. Hapana, sio kila mara, wakati mwingine inapitiliza halafu inaporomoka. Cheki kisiwa cha St. Matthew kule Alaska, 1944 walipelekwa reindia 29 (aina ya kulungu wa nchi za baridi), hakuna mbwa mwitu wala nini, kufika 1963 wako kama 6,000 na wameshakwangua karibu laikeni zote walizokuwa wanategemea msimu wa baridi (vimelea kama kuvu vinavyoota juu ya mawe na ardhi, na vinaota taratibu mno), ikaja theluji kali, 1966 wakahesabiwa 42 tu, dume mmoja na hata huyo ana walakini. Ule mchoro wa S wa kwenye vitabu, unaoonyesha idadi ikipanda halafu ikitulia kwenye kikomo, unaifaa zaidi hamira kwenye chupa. Ila kikomo chenyewe nacho kinahama, malisho yakiharibiwa kinashuka.