Anza na sebule moja, ndugu yangu mwandishi

Wiki iliyopita tumemaliza kurekodi tamthilia yangu ya kwanza kununuliwa, dakika hamsini, sebule moja, watu saba, siku mbili tu za kamera. Nikiwa bado na furaha yangu dada mmoja akanitumia inbox skripti ya sehemu 26, inaanza na harusi ya watu mia tatu halafu gari linatumbukia mtoni, anauliza ampelekee prodyuza gani. Nikaacha kula. Maana huyo dada ndo mimi wa 2019.

Mwaka ule niliandika sehemu 13, kuna hoteli ya kitalii, boti zinakimbizana, mapacha waliopotezana. Prodyuza mmoja akakaa nayo miezi minane. Nilienda ofisini kwake mara tatu, nakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka naambiwa bosi ameshatoka. Mara ya nne mlinzi ndo alonikabidhi bahasha. Kwenye jalada kuna duara la kikombe cha chai, na kuanzia ukurasa wa kumi na mbili karatasi zilikuwa zimegandana vile vile zilivyotoka steshenari, yaani hakufika hata pale mapacha wanapokutana. Neno moja tu kwa kalamu nyekundu: GHALI. Iliniuma, na kusema kweli bado inaniuma.

Mwaka mzima sikuandika kitu. Kilichonirudisha ni bando la usiku, nikaanza kuangalia zile tamthilia za mwanzo kabisa za tv ya Marekani, kila wiki hadithi mpya na wahusika wapya. Kraft Television Theatre ilianza 1947 kwenye kituo cha NBC, wadhamini wauza jibini, ikaenda mpaka 1958, na tamthilia zaidi ya 600. Na zilikuwa laivu jamani! Mwigizaji akisahau maneno watazamaji wote wanamwona, hakuna kukata turudie. Tunazoziona leo ni zile zilizopigwa kwa kamera ya filamu ikiwa imeelekezwa kwenye kioo cha tv, ndo maana picha ina ukungu.

Sasa studio ndogo, muda saa moja, boti utaiweka wapi? Ikabidi waandike watu. Mwandishi mmoja, Paddy Chayefsky, alikuwa kwenye mazoezi ya tamthilia nyingine katika ukumbi wa dansi wa hoteli New York, akaona bango ukutani linawaambia wasichana wacheze na mwanaume anayewaomba, maana wanaume nao wana moyo. Hapo ndo ikazaliwa Marty, ikaonyeshwa tarehe 24 Mei 1953. Muuza nyama wa Bronx, miaka 36, hajaoa, anampigia simu msichana na sisi tunasikia upande wake tu, tunajua anakataliwa kwa kumtazama usoni. Nilirudisha nyuma mara tano, nikakumbuka na mimi nilivyokuwa nasimama kwenye lile benchi kila mlango ukifunguka. Mwaka 1955 ikafanywa sinema, ikachukua Oscar ya filamu bora.

Mwandishi mwingine, Reginald Rose, naye alikaa kwenye jury, yaani raia wa kawaida wanaoitwa mahakamani kuamua kesi, akatoka na Twelve Angry Men, 1954, wanaume kumi na wawili ndani ya chumba wanaamua kijana aishi au afe. Na Patterns ya mwandishi Rod Serling, Januari 1955, watu waliipenda mpaka mwezi uliofuata waigizaji wakarudi studio kuicheza upya yote, laivu, maana kanda za video zilikuwa bado hazijaja.

Ndugu zangu, tusijidanganye. Tunakimbilia magari na majumba kwa sababu hatujui wahusika wetu wanataka nini. Andika chumba kimoja. Ukimaliza andika kingine, lakini kiwe kimoja! Mimi nilichukua kikao cha mirathi baada ya arobaini, kila mtu anaongelea nyumba ya marehemu, shangazi hasemi neno, ameifunga miwani ya kaka yake kwenye pindo la khanga, anaifungua, anaifunga. Prodyuza wa sasa aliposoma hapo akaniuliza hiyo miwani ataachiwa nani, nikajua tayari. Mtu akiuliza hivyo, ujue skripti ameisoma.

Na sikilizeni watu, jamani, sikilizeni msibani, kwenye foleni ya hospitali, kwenye vikao vya ukoo, acheni kukopi tamthilia za kutafsiriwa, huko hamtakuta shangazi yenu.

Dada yangu, skripti yako nimeisoma mpaka mwisho. Ukurasa wa 41 mama wa bwana harusi yuko jikoni peke yake anahesabu sahani huku analia, mwanae hajui. Toa watu mia tatu, toa mto, toa gari. Niandikie kurasa kumi za hilo jiko, nitazisoma zote.