Kwa wanaoanza kazi ya okidi Kitulo

Ukija Kitulo mara ya kwanza kwa kazi ya okidi, kitakachokuchanganya mapema ni kwamba hakuna miti. Vijana wengi wanaoletwa huku hujiandaa kwa msitu. Wamesikia hifadhi ya mlimani, wamesikia okidi, basi kichwani wanaona matawi yenye ukungu na maua yananing'inia. Msitu upo, ule wa Livingstone, na nitaufikia. Lakini okidi nyingi zilizosababisha Kitulo itangazwe Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, huota ardhini katikati ya nyasi, kwenye uwanda ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Zimeshaorodheshwa aina 45 za okidi za namna hiyo. Jiandae kuumwa mgongo, si shingo.

Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na watalii wanaijua kwa jina la Serengeti ya Maua. Ni majina mazuri, ila yanamfanya mgeni adhani kazi yetu ni maua. Ua la okidi hukaa wiki chache. Mwaka uliobaki mmea uko chini ya udongo, na huko ndiko unakoishi, ndiko unakoibiwa, na ndiko unakofia. Ukilielewa hilo mapema, mengine yote utayapokea kwa urahisi.

Kwa wanaopandia Chimala kwenda Matamba: ile barabara ya kona 57 si hadithi. Ukishukia hapo usiku kwenye mvua, dereva wako awe mwenyeji. Na baridi ya Makete usiichezee; kati ya Juni na Agosti usiku hufika kuganda, na hata Januari, mvua ikikunyeshea saa nane mchana uwandani, meno yatagongana. Toka asubuhi na mapema, rudi kabla wingu halijashuka. Andika kwa penseli, wino huyeyuka.

Sasa mmea wenyewe. Usianze na kitabu cha utambuzi, anza na goti chini. Wageni hukimbilia kila ua jekundu wakidhani ni okidi, na mara nyingi wanachopiga picha ni nifofia, ambayo haina hata udugu wa karibu nayo. Okidi ina sepali tatu (vipande vya nje vya ua) na petali tatu (vya ndani), na petali moja imejitenga na wenzake kwa umbo: ndiyo tunaita mdomo. Katikati, badala ya kuona viungo vya kiume na vya kike kila kimoja peke yake, utaona nguzo moja nene iliyoviunganisha. Hiyo ndiyo alama yako.

Kisha tafuta mkia, ule mrija mwembamba unaotunza nekta nyuma ya ua. Kwenye uwanda huu mkia unakumalizia nusu ya kazi. Ukikuta mikia miwili inashuka pamoja nyuma ya ua, na mdomo umekaa juu kama kofia, hiyo ni Satyrium. Ukikuta mkia mmoja unatoka kwenye sepali ya juu iliyojikunja, elekea kwenye Disa. Mkia mmoja unaotoka chini ya mdomo, ua la kijani au jeupe, na harufu inayozidi jua likizama, fikiria Habenaria. Hiyo inawangoja nondo. Spishi utazijifunza polepole. Mojawapo, Disa ukingensis, jina lake limechukuliwa Ukinga, huku huku, na binafsi ningependa kila kijana anayetoka Makete aijue kabla hajajua mmea wowote wa Ulaya.

Beba lenzi ya mkono. Weka jicho karibu kabisa, karibu kuliko unavyodhani inafaa, na utazame ile nguzo. Ua ambalo halijatembelewa lina vifuko viwili vya chavua, vya njano au rangi ya krimu, vimekaa kila kimoja mahali pake. Ua lililotembelewa lina nafasi tupu, kwa sababu chavua ya okidi haimwagiki kama unga wa mahindi. Hubandikwa nzima nzima kwa gundi kwenye uso au ulimi wa mdudu, naye huondoka nayo. Usiguse kwa kidole wala kijiti ili "uone inavyofanya". Andika tu: vifuko vipo, vifuko havipo. Data hiyo ndogo inasema kama wachavushaji bado wanafika, na ukiwa nayo ya misimu kadhaa ni mali.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye kiazi. Okidi nyingi za uwandani zina viazi viwili chini. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa kwa sababu ndicho kilicholisha shina na ua la mwaka huu. Kingine ni kipya, kigumu, kimejaa, na ndicho kitakachotoa mmea wa mwakani. Wachimbaji wanaoviuza wanakitaka hicho kipya. Kile kilichosinyaa wanakitupa palepale, na hakiwezi kuanza tena. Kwa hiyo mtu akikwambia "tunachukua kimoja tunaacha kingine", usimbishie kwa ukali, lakini jua kwamba mmea umekwisha.

Biashara yenyewe ni ya chikanda. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia, viazi hivi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga, pilipili na magadi, hupikwa mpaka vishikane kama keki nzito inayokatwa vipande. Ni chakula cha heshima kwa watu wa huko, si uhalifu wala uchawi, na kilianza zamani kikiwa cha vijijini. Kilipopendwa mijini, viazi vya Zambia vikapungua, wanunuzi wakavuka kuja nyanda zetu za juu. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitaja viazi mpaka milioni nne kwa mwaka kutoka Tanzania kwenda Zambia. Piga hesabu mwenyewe: kiazi kimoja ni mmea mmoja.

Hapa nina la kusema kwa askari wapya. Mama aliyekutwa na ndoo ya viazi siye mfanyabiashara. Yeye ana shamba la viazi mviringo lililopigwa na baridi na ada ya shule inayosubiri. Sheria ya hifadhi ni sheria na utaisimamia, lakini ukimdhalilisha mbele ya wanawe, kijiji kizima kitakunyamazia, na taarifa za gari linalokuja kubeba magunia usiku hutazipata kamwe. Salimia wazee kwanza, "shikamoo" isiyo na haraka, na ukae. Hata sayansi imefika kwa njia hiyo: nyani wa kipunji, aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005 na ambaye anaishi kwenye msitu huu wa Livingstone, watafiti walianza kumsikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa.

Kuhesabu nako kuna namna yake. Tunatumia viunzi vya mraba vya mita moja kwa mita moja kwenye maeneo yenye alama za kudumu. Usihesabu yenye maua peke yake. Hesabu pia majani yasiyo na shina, yaandike safu yake, kwa sababu huo ndio umri mdogo wa kundi lako. Na kiunzi kikitoka sifuri mwaka huu, usiandike "imetoweka". Okidi za ardhini zinaweza kulala msimu mzima bila kutoa jani, kisha zikarudi. Kwenye sehemu za majimaji tembeeni mstari mmoja, nyayo juu ya nyayo. Kundi la wanafunzi waliotawanyika huacha madhara makubwa kuliko ng'ombe.

Kuhusu moto wageni huwa na maneno makali, na mimi huwaomba wapunguze. Viazi hulala chini kiangazi, na okidi nyingi za nyasi huchanua vizuri baada ya nyasi kuukuu kuungua, kwani zinapata mwanga. Moto mbaya ni ule unaochelewa, unaokuja machipukizi yameshatoka, au unaoingia ukingoni mwa msitu. Misindano inayojiotea uwandani inanitia wasiwasi zaidi: inaonekana michache, inapendeza hata, lakini kivuli chake kinaua kila kinachotaka jua. Ukiuona mche, uripoti.

Msituni, Livingstone, kazi inageuka. Okidi za huko, Polystachya na jamaa zake, zinakaa juu ya miti, na utaambiwa kwamba zinanyonya mti. Hazinyonyi. Zimeupanda tu, maji zinachukua kwenye mvua na ukungu. Darubini itakusaidia, ila somo zuri utalipata chini, kwenye tawi lililoangushwa na upepo, ambako unaweza kuona mizizi, moss na chipukizi kwa pamoja bila kupanda. Lipige picha, lipime, liache.

Utaombwa mche. Mwenye gesti atauliza, mtalii atauliza, hata jamaa yako wa Mbeya mjini mwenye kopo la rangi tupu. Mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Haioti bila fangasi wake wa udongoni, na mmea ukihamishiwa bustanini mara nyingi unasinyaa ukafa. Ukitaka jibu fupi: ndani ya hifadhi hakichukuliwi kitu, na okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Utafiti wenyewe una kibali chake kupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na huanza kushughulikiwa miezi kabla ya mvua, si wiki.

La mwisho ni simu yako. Zima taarifa za mahali kwenye kamera kabla hujapita geti. Picha ya Disa nzuri ikirushwa na alama ya ramani ndani yake inamfikia mnunuzi wa viazi sawa na inavyomfikia mwanafunzi. Ukiulizwa uliipiga wapi, sema Kitulo. Kitulo ina kilomita za mraba 413 hivi.